Nati Nne za Keria

Jumamosi, 1 Machi

Bosi amenihamisha. Kuanzia tarehe kumi nasoma mita za maji za upande wa pili wa kilima, zote, na nyumba zenyewe zimetawanyika kama watu waliogombana. Kwa mguu haiwezekani. Amenipa mwezi mmoja. Nikishindwa kumaliza njia kwa wakati, nafasi anapewa mwingine. Alisema hivyo huku akitabasamu. Ana meno mazuri, Mungu amsamehe.

Basi leo nimeishusha baiskeli ya marehemu baba. Ilikuwa imetundikwa stoo kwenye kulabu mbili tangu nina miaka kumi. Baba hakuipanda tena baada ya siku ile. Alienda kazini kwa mguu, mvua na jua, mpaka akastaafu, mpaka akafariki mwaka juzi.

Wakati naishusha, pedeli iligonga ukuta. Sebuleni cherehani ya mama ikanyamaza. Nikasubiri nayo. Kisha ikaendelea.

Nimemwambia nataka kuipeleka kwa fundi ili niende nayo kazini. Hakuinua macho. Akasema sawa, ila nibadilishe kila kitu. "Kila kitu," akarudia, akakata uzi kwa meno. Hakuja kuiangalia.

Hali yake: fremu ya kijani, rangi bado ipo ipo. Tairi zimekufa. Mnyororo umeshikana kwa kutu, haukunjiki. Breki ni zile za zamani za vyuma virefu. Siti ya ngozi yenye springi chini. Na keria ya nyuma, pana, ya chuma. Miguu yake minne, nati nne — hapana, nati tatu. Mguu wa chini kushoto umefungwa kwa waya. Mizunguko saba, nimehesabu. Ule ni mkono wa baba, namjua.

Juu ya keria hiyo alikuwa anakaa Kifungo. Mdogo wangu. Mama alimwita hivyo kwa sababu alikuwa mviringo na hapotei, kila ukikunja kitambaa unamkuta yeye ndani. Alikuwa na miaka sita. Alianguka kutoka hapo, kwenye mteremko wa kalavati, baba akiwa anaendesha. Hakuamka. Imepita miaka thelathini na moja.

Kuna jambo la asubuhi ile ambalo mama halijui. Baba amekufa bila kulijua. Sijui kama nina ubavu wa kuliandika hata humu, ambamo hakuna anayesoma.

Jumatatu, 3 Machi

Kwa fundi. Watu wanamwita Daktari na amelipokea jina kwa mikono miwili — baiskeli anaiita "mgonjwa" na ukichelewa kuja kuichukua anauliza kama hutaki kumruhusu mgonjwa aende nyumbani. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa duka la kutoa nakala.

Aliizunguka baiskeli mara tatu bila kuigusa, mikono nyuma. Kisha akaanza kuisoma. Akasema mwenyewe alikuwa anakanyaga zaidi kwa mguu wa kulia. Kweli! Breki ya mbele imelika, ya nyuma haijalika, kwa hiyo alikuwa mtu wa kuchelewa halafu kukimbizana. Kweli tena, nikacheka peke yangu. Baba huyo mtupu.

Akainama chini ya siti. Springi zote zimeliwa na kutu isipokuwa sehemu mbili nyuma, moja kila upande. Pale pamelainika, panang'aa, kama kitasa cha mlango wa nyumba yenye watu wengi. Alijaribu kupitisha vidole vyake, havikuenea. Akasema aliyekuwa anashika hapa alikuwa mtoto. Akaonyesha kile chuma kifupi ambacho baba alikiongeza kwenye ekseli ya nyuma, upande wa kushoto, cha kuwekea miguu. Kimebonyea umbo la kisigino. Alikuwa anakaa upande, akasema, miguu yote kushoto.

Nikasema ndiyo.

Tumekubaliana: rimu za alumini, breki za waya, mikono ya pedeli ya kisasa isiyo na zile pini, mnyororo mpya, siti ya sponji. Fremu inabaki. Keria inabaki, chuma chake bado kizima, ila anaweka nati nne mpya, zile zenye duara la plastiki ndani. Anasema hizo hata ukizipigia ngoma hazilegei.

Nikauliza kile chuma cha kukanyagia. Haiwezekani, ekseli za siku hizi nyembamba, hakitaingia. Na siti mpya haina springi. Akaniuliza kama nina mtoto wa kumpakia. Sina. "Basi," akasema, akatia koleo kwenye waya wa baba, akaukata.

Ijumaa, 7 Machi

Nzuri jamani! Nyepesi! Nimetoka kibandani naendesha huku nacheka kama mwendawazimu, na watu wazima wenzangu wananiangalia. Breki ukiigusa tu inaitika. Mnyororo hausikiki.

Fundi ana tabia moja: habakishi kwake kitu cha mteja, hata ringi ya nati. Vyote vya zamani anavitia kwenye gunia na lazima uvihesabu mbele yake, asije mtu akasema Daktari kamla figo. Nimevihesabu. Nimelifungia gunia nyuma ya stoo, nikalifunika bati.

Mama alichungulia dirishani. Akauliza kama ni kila kitu. Nikamwambia kasoro fremu na keria. Akarudisha pazia.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kwanza ya njia mpya. Mita thelathini na nane kabla ya saa sita! Bosi na meno yake watanikoma.

Jambo moja tu. Kwenye zile ghorofa nne nyeupe kuna mlinzi mwenye daftari. Mstaarabu sana, anapiga mistari kwa rula. Aliandika saa, akaandika jina langu, kwenye safu ya idadi akaandika 2. Nikamwambia niko peke yangu. Akanitazama, akaitazama keria, akatazama barabara nilikotoka. Kisha akachukua rula, akaikata ile 2, akaandika 1.

"Samahani, dada. Jua hili."

Kulikuwa na mawingu tangu asubuhi.

Jumatano, 12 Machi

Baiskeli ina tabia. Kuna wakati nyepesi, kuna wakati nakanyaga mpaka mapaja yanawaka na barabara ni tambarare kabisa. Nimejaza upepo mara mbili. Tairi la nyuma nikiwa njiani linabonyea, nikishuka kuliangalia limejaa.

Leo mteremko wa kalavati. Siku mbili zilizopita nilishuka nikaikokota, nikajisingizia eti changarawe. Leo nikasema mwanamke mzima na ajira yake anaogopa kalavati? Nikajikaza kisabuni, nikateremka. Katikati ya mteremko blauzi ikanivuta. Kiunoni, pande zote mbili, kwa nguvu, kama nimenasa kwenye seng'enge. Nilipofika chini kwenye tambarare ikalegea. Sikugeuka. Shingo ilikataa kugeuka.

Nimefika nyumbani nimevua blauzi nikaitupa kwenye kapu. Mama akaiokota kabla sijasema lolote, maana yeye hawezi kuona nguo imetupwa. Akainyoosha mapajani. Mama anasoma kitambaa kama fundi anavyosoma chuma. Pembeni mwa kiuno, kulia na kushoto, nyuzi zimevutika, zimetoka kwenye mshono. Akaweka ngumi yake juu ya pale palipovutika. Ngumi ilikuwa kubwa mno. Akaikunja mpaka vidole viwili tu vikabaki.

Ameishona kwa uzi maradufu, amenirudishia imepigwa pasi.

Siti ya zamani ilikuwa na springi. Siti mpya haina. Hana pa kushika.

Sasa hilo nimeliandika mimi mwenyewe, na mkono wangu, mchana kweupe. Nafunga daftari.

Ijumaa, 14 Machi

Spoku mbili zimekatika, gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Gurudumu jipya, lina wiki moja!

Nilimwendea fundi nikiwa nimejaa maneno. Akanisikiliza mpaka yakaisha, ndipo akazitoa zile spoku akaniwekea kiganjani. Hazikukatika kwa uzito, akasema. Zimepinda kwanza, kuingia ndani, zote mbili mahali pamoja. Ameziona za aina hii mara nyingi kwa watu wanaopakia watoto bila kuwawekea pa kukanyaga. Mtoto anachoka kuning'iniza miguu, kisigino kinaingia.

Aliniuliza kwa upole nampakia nani. Nikamwambia simpakii mtu. Akasema si siri, dada, kila mtu ana mtoto wa ndugu. Nikamwambia simpakii mtu! Mteja mwingine akageuka. Nimeona aibu. Daktari hakukasirika, alirudi tu kwenye spoku zake, lakini baadaye nilimwona ananiangalia miguu, kisha anaangalia keria.

Nilipofika nyumbani nikalifungua gunia, nikatafuta kile chuma cha kukanyagia. Kipo. Nikajaribu kukitia. Kweli, ekseli nyembamba, kinacheza, kinadondoka. Nimekaa chini stoo nimekishika, na jinsi kilivyobonyea kidole gumba changu kinatosha pale pote.

Jumapili, 16 Machi

Leo naandika. Nimekunywa maji, nimefunga mlango, mama yuko sebuleni na cherehani inaenda.

Nyumbani kwetu kulikuwa na desturi. Kila asubuhi baba anaweka baiskeli kwenye stendi, ananipa spana. Mimi nazunguka keria: juu kulia, juu kushoto, chini kulia, chini kushoto. Kila nati naikaza kidogo. Nikimaliza nasema kwa sauti, "Tayari!" Ndipo Kifungo ananyanyuliwa, anakalishwa, anashika springi zake. Bila neno langu hapandi mtu. Nilipewa kazi hiyo nina miaka saba na niliiona kubwa kuliko ualimu mkuu. Chekechea ilikuwa kwenye njia ya baba ya kazini. Shule yangu ilikuwa upande mwingine, mimi nilienda kwa mguu.

Asubuhi ile nilikuwa na mtihani. Niliomba nipakiwe mimi, siku hiyo moja. Baba akasema Kifungo hawezi kutembea haraka, mimi msichana mkubwa. Kifungo akanitolea ulimi. Basi. Ndiyo yote. Ulimi!

Nikachukua spana. Nikachuchumaa pale pale upande wa kulia, nimenuna, nikahesabu kimya mpaka ishirini ili ionekane nimekaza. Sikuzunguka. Sikugusa hata moja. Nikasimama, nikasema, "Tayari!"

Baba akamnyanyua.

Walipomrudisha baba, suruali yake ilikuwa na damu na mkononi ameshika bolti ya keria, tupu, haina nati. Hakuniuliza. Siku hiyo hakuniuliza, na miaka iliyofuata hakuniuliza, na alipokuwa anakata roho nilimshika mkono nikasubiri aniulize. Aliomba maji tu.

Mama hajui. Anadhani chuma kilichoka. Ana miaka sabini na moja, ana presha, anaishi na mimi mtoto mmoja aliyebaki. Nikimwambia nampa nini? Nisipomwambia, sasa naanza kuona kuna mwingine anayetaka isemwe.

Baada ya kuandika hayo nimetoka nje kuvuta pumzi. Nimeigusa nati ya chini kushoto, ile mpya yenye plastiki ndani. Imezunguka kwa vidole. Kwa vidole viwili!

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi nimechukua spana. Juu kulia, juu kushoto, chini kulia, chini kushoto. Tatu ziko ngumu. Ya nne imelegea. Nimeikaza mpaka nikatoa jasho. Kisha sijui nini kilinishika, nikasema lile neno, polepole tu.

"Tayari."

Tairi la nyuma likabonyea. Nilikuwa nimesimama pembeni, mkono wangu haujagusa baiskeli.

Alhamisi, 20 Machi

Siku tatu mfululizo ni hivyo hivyo. Nakaza, nasema, inabonyea, tunaenda. Nimeandika "tunaenda", tazama. Nikirudi jioni ile ya nne imelegea.

Leo nikasema hapana. Nimezikaza zote nne na nikaziba mdomo. Nikapanda, nikaondoka. Nyepesi kama siku ya kwanza. Mlinzi wa ghorofa nyeupe akaandika 1 bila kusita, akaniuliza habari za kwetu. Nilipaswa kufurahi. Badala yake siku nzima nimegeuka nyuma, nimegeuka nyuma, mpaka nikasoma mita ya jirani kwa jina la mwenzake na nikalazimika kurudi kilima kizima. Nilikuwa na ile hofu ya mtu aliyetoka sokoni akagundua mkono wa mtoto haumo mkononi mwake.

Nimefika getini saa kumi na nusu. Mama amesimama mlangoni, futi ya kupimia shingoni. Huwa hatoki nje saa hizo.

"Umemwacha wapi?"

Nikasema nani, mama?

Akaitazama keria. Akasema alidhani nimetoka na mkoba ule mweusi, nimeuacha ofisini nini. Mkoba mweusi ulikuwa begani kwangu. Akaingia ndani, cherehani ikaanza, ikaenda bila kupumzika mpaka nikaita tule.

Ijumaa, 21 Machi

Nimesema tayari. Mara mbili, ya pili kwa sauti.

Mlinzi kaandika 2. Sikubisha.

Jumamosi, 22 Machi

Fundi amelichukulia jambo la nati kama tusi kwa familia yake. Ameitupa ile, ameweka nyingine mpya kutoka kwenye boksi, ameikaza kwa spana ndefu mpaka mshipa wa shingo ukamtoka. Kisha akachora mstari wa rangi nyeupe, ukavuka nati na bolti, ili ikisogea hata unywele tuione.

Kutoka kibandani hadi nyumbani ni mwendo wa dakika kumi. Nimeshuka, nimeinama. Mstari umeachana, nusu huku, nusu kule. Nikageuza baiskeli nikarudi nayo palepale.

Hakucheka. Alikaa kwenye kigoda chake akafuta mikono muda mrefu na kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. Alisema amebadilisha kila kinachobadilika. Kimebaki kimoja, akasema, na tangu siku ile ya kwanza alikuwa anakiogopa. Niilete Jumatatu aing'oe keria. Msoma mita hahitaji keria, begi linakaa mgongoni. Akanisindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mteja, na alitembea upande wa kulia wa baiskeli. Upande wa kushoto aliuacha wazi.

Nimekubali. Kazi inaenda, mwezi bado haujaisha, nimebakiza nyumba chache. Nikiing'oa keria nitabaki na baiskeli tu.

Sijalala mchana. Nimejilaza tu, usingizi haukuja.

Jumapili, 23 Machi

Saa kumi alasiri. Naandika mezani, chumbani kwangu.

Baada ya chakula nimemwambia mama kuwa kesho fundi anaing'oa keria. Nilisema kwa wepesi, nikiwa nakusanya vyombo. Cherehani ikasimama.

"Atakaa wapi?"

Safari hii hakutafuta mkoba wa kusingizia. Nikaweka vyombo chini.

Akaniambia nipige magoti nitazame chini ya cherehani. Miaka yote nimefagia pale. Kuna chuma kinachopanda kutoka kwenye kanyagio hadi kwenye gurudumu la cherehani, na pale kinapofungwa pana nati. Si ya cherehani. Kubwa kuliko wenzake, na kwenye pembe zake imebaki rangi ya kijani. Nimeijua kabla mama hajafungua mdomo. Nati zile nimezishika kila asubuhi kwa miaka mitatu.

Mama alisimulia akiwa amekaa, mikono juu ya kitambaa cha watu. Siku moja kabla ya ajali nati ya kanyagio ilipasuka. Alikuwa na sare za shule za kukabidhi asubuhi, mwalimu ameahidi kuzifuata. Akatoka nje na spana, akajaribu nati za baiskeli, ile ya keria ya chini kushoto ikaenea. Akaiacha bolti imekaa kwenye tundu lake. Nia yake ilikuwa amwambie baba asubuhi na mapema. Akashona mpaka akamaliza, akapitiwa na usingizi juu ya sare. Alipoamka alisikia sauti zetu uani.

"Nikainuka niwaambie. Nikafika hapo mlangoni. Nikasikia sauti yako, tayari. Nikasema basi, ameona, wameweka nyingine. Nikarudi nikakaa."

Ameketi hapo tangu siku hiyo, naona sasa. Cherehani ile imevisha nusu ya mtaa. Imenivisha mimi.

Nilitaka kumshika, mikono ikagoma. Nilitaka kusema mama, si wewe. Na si yeye peke yake! Angeacha hata nati zote nne mezani, mimi nilikuwepo, nilipewa spana, kazi yangu ilikuwa moja. Ningezunguka tu. Ningeona bolti haina nati.

Kisha akaniuliza. Hakupandisha sauti. Aliuliza kama anavyouliza kama nimekula.

"Ile ya chini kushoto haikuwepo, mwanangu. Sasa ulikaza nini?"

Kwa hiyo alijua. Miaka thelathini na moja anajua kwamba neno langu lilikuwa tupu, maana nati alikuwa nayo yeye. Na hakuweza kuniuliza bila kusema ilipokuwa nati. Na mimi sikuweza kusema bila kuulizwa. Baba katikati yetu, na waya wake mizunguko saba, sijui yeye alikuwa anamficha nani.

Nikamwambia nakuja, mama, namalizia kuandika kidogo. Anajua kuwa naandika, hajawahi kuniuliza naandika nini. Akasema, "Ukimaliza, njoo useme." Akanyanyuka, akafungua mlango wa uani, akautegesha kwa kiti usijifunge.

Nikimaliza kuandika naenda. Kwa hiyo naandika. Naandika kwamba nje kumetulia. Naandika kwamba baiskeli iko kwenye stendi karibu na mlango, naiona kutoka hapa, na tairi la nyuma lilikuwa limebonyea tangu tulipokuwa tunakula, na sasa hivi limejaa. Limejaa kwa mara moja, kama mtu ameshuka.

Blauzi imevutwa. Kiunoni, upande wa kushoto. Nimekaa kwenye kiti, mezani, sina baiskeli! Si kwa nguvu kama kule kwenye mteremko. Ni ule mvuto wa mtu mfupi anayetaka aone kilichoko juu ya meza.

Sikugeuka. Nimesogeza daftari kwenye ukingo wa meza, upande huo.

Naandika haraka na kwa herufi za kuungana, hawezi kufuata. Mwaka ule chekechea walikuwa wamefika kwenye herufi kubwa tu. Alikuwa anazisoma kwa kidole, moja moja, anatafuna ulimi, na ukimharakisha anaanza upya. Basi naziandika kubwa, nimwachie nafasi.

S I K U K A Z A.

Nimesubiri muda wa kutosha mtoto kuzifikia zote nane. Blauzi bado inavutwa. Mama ameita mara ya pili.